"Nimezidiwa, nipange vipi muda wangu?" Jibu kwa mama wa watoto watatu, Mtwara

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 34, nakaa Mtwara mjini, Magomeni. Nina watoto watatu: wa kiume ana miaka 12, wa kike 9, mdogo 3. Baba yao yuko Dar es Salaam. Hatukufunga ndoa, tumeachana miaka miwili sasa, hutuma hela akikumbuka. Mimi ni fundi cherehani. Ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani, mwanachama wa kikoba kingine, mjumbe wa kamati ya shule, na nimeingizwa kamati mbili za harusi. Mikorosho ya mama kule Newala naisimamia mimi maana mguu unamsumbua. Kaka zangu wawili wapo hukohuko lakini wana familia zao. Dada yangu anamcheza mwanawe unyago mwezi wa 12 na ameshatangaza kwamba sare zote nitashona mimi. Mwezi uliopita nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, wa laki tatu nikalipe mchango wa harusi. Nalala saa sita, naamka saa kumi. Juzi nilimchapa mdogo kwa kumwaga maji tu, nikalia kuliko yeye. Nipange vipi muda wangu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Nimehesabu mizigo kumi: watoto, ushonaji, hazina ya kikoba, kikoba cha pili, kamati ya shule, harusi mbili, mikorosho, unyago na mkopo. Ukitoa watoto na cherehani, mingi kati ya hiyo mingine uliletewa na mtu. Umeingizwa, umetangaziwa. Hayo ni maneno yako mwenyewe.

Kwa hiyo sitakupangia muda. Mtu anayelala saa sita na kuamka saa kumi alfajiri hana saa iliyobaki ya kupangwa. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Lindi na Mtwara miaka mingi, na kila mama niliyempa ratiba nzuri ya siku alirudi kwangu baada ya wiki mbili akiwa amechoka zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na kazi ya kumi na moja: kuifuata ratiba yangu.

Tuanze na kwa nini mizigo inakuja kwako na si kwa jirani yako. Msikilize jirani mwenye mume anapoombwa kuwa mweka hazina. Anasema, "Ngoja nimuulize baba watoto." Mume mwenyewe pengine yuko baharini tangu juzi, na akirudi hataulizwa chochote. Ila lile neno limeshampa mama yule siku mbili za kufikiri na njia ya kukataa bila kugombana na mtu. Wewe huna huyo wa kusingizia. Ukiulizwa, macho yote yako kwako, na jibu linatakiwa palepale. Tena watu wanaona kwamba asiye na mume ana nafasi: hana wa kumpikia, hana wa kumwomba ruhusa. Wanasahau kuwa mwenzio akienda kikaoni kuna mtu mzima anabaki nyumbani, na wewe ukienda kikaoni anabaki mtoto wa miaka 12.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Nililea wawili peke yangu. Mwaka mmoja, nikiwa Lindi, nilikuwa kwenye vikao vitatu kwa wiki vya watu wengine, na siku moja mwanangu wa darasa la kwanza alikaa langoni mwa shule hadi giza likaingia. Mlinzi alimpa muhogo wa kuchoma. Mimi nilikuwa naandika muhtasari wa kikao cha sherehe ya mtu ambaye hata jina lake leo silikumbuki.

Basi jitafutie wa kumsingizia. Nunua daftari dogo, liwe linakaa kibandani unaposhonea. Ukurasa mmoja kwa mwezi, kuanzia huu wa 9 hadi wa 1. Andika humo kila ahadi uliyokwisha kuitoa, hata ile ya kumpelekea mtu mbegu za bamia. Pembeni ya kila moja andika saa unazodhani itakula, halafu andika hela. Kuanzia leo, ukiombwa lolote, jibu lako liwe moja: "Ngoja niangalie daftari, nitakujibu kesho kutwa." Usitoe jibu palepale hata ukiwa unalijua, hata kama ni ndiyo. Watu wa mtaani kwako watalizoea daftari kama walivyozoea mume wa jirani. Na usiku, lile orodha linalokuamsha saa nane ukikumbuka hujamrudishia fulani vifungo vyake, litakuwa limeandikwa mahali. Sikuahidi usingizi mnono, ila kichwa kinapunguza kupiga kelele kikijua kitu hakitapotea.

Sasa tuingie kwenye ahadi zenyewe.

Unyago ndio mzito kuliko yote, ingawa umeutaja kwa sentensi moja. Najua shughuli ya mwali huku kwetu ina maana gani. Mama mdogo asiyeonekana kwenye shughuli ya mwana wa dada yake atasemwa mpaka mwali huyo naye awe na mwali wake. Sikuambii usishiriki. Nakuomba upige hesabu. Tuseme sare ni magauni 20, na gauni moja linakula saa nne kwa kukata, kushona na kumalizia. Hizo ni saa 80. Kwa fundi mwenye mtoto wa miaka mitatu miguuni, saa tano za kushona kwa siku ni nyingi. Kwa hiyo ni siku 16, bila malipo, na zinaangukia wapi? Novemba na Desemba. Wewe unajua biashara yako kuliko mimi: minada ya korosho huanza Oktoba, hela ikishaingia kwenye akaunti za wakulima ndipo vitenge vinanunuliwa na harusi zinapangwa, na ikikaribia Januari wazazi wanakuja na vitambaa vya sare za shule. Hiyo ndiyo miezi inayokulishia watoto Februari na Machi. Dada yako hajakuomba msaada wa sindano. Amekuomba, bila kujua, chakula cha watoto wako cha miezi miwili.

Chagua kitu kimoja kwenye shughuli ile, kionekane, kikamilifu, kiwe chako. Nguo za mwali mwenyewe za siku ya kutoka, kwa mfano. Hizo shona kwa mkono wa mapenzi, tia marinda na nakshi uwezavyo, watu waulize zimeshonwa na nani. Sare za kina mama, kila mmoja ashonewe na fundi wake, au walete kwako kwa bei iliyopunguzwa, hela mkononi kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Mwambie sasa hivi, mwezi wa 9. Ukimwambia mwezi wa 11 utakuwa umemharibia shughuli, na hapo atakuwa na haki ya kununa.

Mikorosho. Hapa nimekasirika kidogo, na hasira yangu si kwako. "Wana familia zao." Na hao watoto watatu ulioniandikia habari zao ni nini? Umeishika lugha ya kaka zako mpaka unaitumia dhidi yako mwenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo wewe wa Newala hukupaswa kufundishwa na mtu: kwa desturi zetu, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo umefuata upande wa mama. Kaka zako ni wajomba wa watoto wako. Mjomba wa kwetu hakuwa mgeni wa kuja sikukuu na pipi; ndiye aliyekuwa anaulizwa mtoto anapougua, anapoingia jandoni, anapochumbiwa. Siku hizi cheo wamebaki nacho, kazi wameiacha. Itisha kikao cha ukoo, mama yako akiwepo na mjomba wako mkubwa kama yu hai. Usiende kulalamika, maana ukilia watakupa pole na chai. Nenda na daftari. Waonyeshe safari ulizopanda Newala mwaka huu, nauli, na siku ambazo kibanda kilifungwa. Kisha sema unachokiacha. Kuokota kunaanza sasa na korosho haisubiri: ikikaa chini kwenye unyevu inaharibika, na ikifika ghalani inaingia daraja la pili. Aliyepo hukohuko ndiye anayeweza kusimamia vibarua wa kuokota, kutenganisha na bibo, lile tunda lake, kuanika na kupeleka chama cha msingi cha ushirika. Wewe unaweza kubaki na kazi ya karatasi: kutunza stakabadhi, kufuatilia mnada kwa simu, na kuhakikisha malipo yameingia kwenye akaunti ya mama, wala si ya mtu mwingine yeyote. Vibarua walipwe kutokana na korosho zenyewe.

Na tafadhali, hata ukibanwa vipi, usikubali hela ya kangomba, yaani ya mnunuzi wa magendo, juu ya mikorosho hiyo. Nimeona akina mama waliouza mzigo kwa bakuli kabla ya mnada, ili walipe mchango wa harusi, halafu wakasimama kando siku jirani zao wanalipwa. Ni kinyume cha utaratibu, na bei yake ni ya kukunyonya.

Harusi na kausha damu nazitazama pamoja, kwa sababu moja ndiyo iliyozaa nyingine. Ulikopa laki tatu ya riba ili mtu mwingine apambiwe ukumbi. Nalisema bila kukufunika: mchango wa mkopo si mchango. Toka kwenye kamati zote mbili wiki hii. Waambie kwa maneno mafupi kwamba majukumu yamekuzidi, kwamba mchango wako utakuwa kiasi fulani, kile ulichonacho kweli hata kama hakifiki kadi ya mtu mmoja, na kwamba siku yenyewe utaenda kusaidia jikoni asubuhi. Kisha nyamaza. Usieleze zaidi. Kila sababu unayoongeza inampa mwenyekiti mahali pa kukushika na kukurudisha.

Kuhusu mkopo, kaa chini uandike ulichopokea mkononi, ulichokwisha rejesha, na kilichobaki. Mwombe aliyekukopesha nakala ya mkataba ikiwa hukupewa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna hiyo awe na leseni, na Benki Kuu ndiyo msimamizi. Asiye na leseni wala mkataba, halafu anatishia kuja kubeba cherehani, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Usimkimbie, maana kukimbia kunakula usingizi kuliko deni. Na kama kikoba chako kinakopesha kwa riba ndogo zaidi, unaweza kukopa huko kuumaliza huu, kwa sharti moja: kamati za harusi uwe umeshazitoka. Vinginevyo utakuwa na miwili.

Najua atatokea mtu wa kukushauri uingie kikundi cha ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ambayo 4 ni ya wanawake. Ni mikopo mizuri, na baada ya kusimamishwa mwaka 2023 ilirudi 2024. Lakini kwako, mwaka huu, hapana. Kikundi ni vikao, mafunzo, katiba, akaunti ya pamoja na marejesho ya pamoja. Utakuwa umeongeza mzigo wa kumi na moja kwa jina la kupunguza. Mwakani, daftari likiruhusu, tutazungumza.

Hazina ya kikoba usiiache kwa simu wala kwa kutoonekana. Hela ya watu inaachwa mbele ya watu. Omba ajenda kikao kijacho, sanduku lifunguliwe na wenye funguo zao wote, hela ihesabiwe kwa sauti, daftari la hisa na la mikopo yasomwe, anayepokea atie sahihi na wewe utie, mkipata shahidi wa nje ni vizuri zaidi. Ukiondoka hivyo, hakuna atakayesema mwezi wa 12 mnapovunja kikoba kwamba kilichopungua kilipungua kwako. Baki mwanachama wa kawaida kwenye hicho. Cha pili, maliza mzunguko, chukua chako, usijiandikishe tena.

Kamati ya shule: barua fupi kwa mwalimu mkuu, basi. Mzazi mwingine atapatikana. Misiba sikuigusa kwa sababu hukuitaja, lakini najua ipo: nenda uzike, toa ubani wako, rudi nyumbani. Kulala matanga siku tatu waachie ambao watoto wao wana mtu.

Sasa baba yao. Umempa sentensi mbili katika barua ndefu hivi, na hilo limenisumbua. Umemwondoa kwenye hesabu kabisa, kana kwamba watoto wameletwa na mvua. Sheria ya Mtoto ya 2009 haijali kama mlifunga ndoa. Matunzo ni haki ya mtoto, na wazazi wote wawili wanadaiwa. Bado nakutana na akina mama wanaoambiwa kwamba mtoto wa nje ya ndoa stahili yake mahakamani ni shilingi 100 kwa mwezi. Ilikuwa hivyo kweli kwenye sheria ya zamani, na Sheria ya Mtoto ndiyo iliyoifuta. Leo mahakama inatazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine anaowatunza yule baba, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi.

Anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa yako. Hakuna haja ya kusafiri Dar es Salaam kwanza. Afisa anaweza kumwita kwa barua au simu, na kuwasiliana na wenzake wa huko. Nenda na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hasa kama jina lake limo. Meseji za hela alizokuwa anatuma usizifute hata moja, maana zinaonyesha kwamba anawatambua watoto. Andika matumizi ya mwezi ya watoto watatu, chakula, kodi, daftari, sabuni, dawa, kwa kiasi cha kweli. Wengi humalizana hapo kwa makubaliano ya maandishi. Akikataa au akisaini kisha akapotea, unafungua maombi ya matunzo mahakamani, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanakusaidia kuandika bila malipo.

Wengine huniambia, "Mama, sitaki kumbembeleza." Kumdai mtu sehemu yake si kumbembeleza. Na hata akitoa kidogo, kile kidogo kikija tarehe inayojulikana, kina faida kuliko kikubwa cha akikumbuka, kwa sababu unaweza kukiandika kwenye daftari.

Nyumbani, mtoto wa miaka 12 ni mkubwa wa kuosha vyombo, kuchota maji na kupika uji, na kuwa mwanaume si udhuru. Ila usimgeuze kuwa mume mdogo: asiyajue madeni yako, na saa ya kusoma isiguswe. Kwa huyo wa miaka mitatu, tafuta mama mmoja tu wa jirani mwenye mtoto wa umri kama huo, mpokezane: wake kwako asubuhi mbili za wiki, wako kwake mbili. Asubuhi ya kwanza ukiwa huru, usishone. Lala.

Kuhusu kumchapa. Umelia, kwa hiyo kuna kitu kimoja ambacho sina haja ya kukuambia. Mwite, mwambie, "Mama alikosea, maji yakimwagika tunafuta." Wa miaka mitatu anaelewa sauti hata asipoelewa maneno yote. Kisha jifunze alama ya mwili wako kabla ya mkono kunyanyuka: wengine taya hukaza, wengine masikio huwaka moto. Ukiiona, toka nje, simama kibarazani uhesabu pumzi kumi, mtoto alie tu, kulia hakumuui. Siku ukiona unashindwa kujizuia, piga 116, ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo, na mzazi pia anaruhusiwa kupiga.

Nenda pia kituo cha afya upimwe presha na wingi wa damu. Mwanamke mwenye upungufu wa damu huchoka na kukasirika, halafu hujiita mvivu. Na ikiwa kuna siku unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, au huoni raha ya chochote kwa wiki mbili mfululizo, usisubiri daftari wala kikao cha ukoo. Nenda Hospitali ya Ligula uwaambie hivyohivyo ulivyo. Sonona ni ugonjwa, una tiba.

Haya yote usiyafanye wiki moja. Leo fanya moja tu, lile la dada yako, kwa sababu ndilo lenye tarehe na ndilo linalokutisha. Ukipiga simu atalia na wewe utakubali tena, kwa hiyo mwandikie. Nimekuandikia, ubadilishe upendavyo:

"Dada, habari za huko. Nimefurahi sana mwali wetu anatoka mwezi wa 12. Nguo zake za kutokea ni zawadi yangu, kitambaa na ufundi, nataka vipimo vyake wiki hii. Sare za kina mama sitaweza kuzishona, nimehesabu ni zaidi ya wiki mbili za kazi na ndio msimu ninaowalishia watoto. Anayetaka nimshonee alete mwezi wa 10, nitampunguzia, alipe kwanza. Nimekuambia mapema ili upate fundi mwingine. Nitakuwepo siku yote ya shughuli. Naomba vipimo."